Betri Nilizoanika

Ulikuwa ule mwaka wa avokado. Wanunuzi waliotuambia tupande hiyo miti hawakurudi, na miti haina habari ya wanunuzi, ikazaa. Tulikula avokado na ugali, tukala na githeri ya mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu, tukapaka kwa mkate, tukapaka kwa nywele. Mbwa wangu alinenepa mpaka akaacha kubweka. Maharagwe yalikuwa ya kutafutwa, na nyama tuliisikia tu ikinukia kwa jirani. Mtu akiniuliza haya mambo yalikuwa lini, namjibu hivyo, na hapa Mweiga hakuna anayeniuliza mara ya pili.

Mwaka huo mjukuu wangu alirudi kwangu na begi moja, akalala. Sisemi alilala akaamka. Alilala akiangalia ukuta. Alikuwa amesomea kompyuta miaka miwili Nyeri mjini, akapewa cheti, akatembea nacho ofisi kwa ofisi mpaka kikalegea pembe kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Halafu siku moja akaacha kutembea. Hakwenda kwa wazazi wake Nanyuki. Alikuja kwangu, na sikumuuliza kwa nini. Ana jina langu. Kwetu binti wa kwanza wa mtoto wako wa kiume anapewa jina lako, na hapo wewe umezaliwa tena. Akija kwangu amekuja kwake.

Siku alipozaliwa nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa wodi. Wanawake wa kwetu wakisikia mtoto amefika hupiga ngemi, vile vigelegele vyetu: msichana anapigiwa tatu, mvulana tano. Nikaambiwa ni msichana. Nikapiga tatu, nikavuta pumzi, nikapiga ya nne, nikapiga ya tano. Mama mmoja aliyekuwa hapo akasema, "Si umeambiwa ni msichana?"

Nikamwambia, "Nimeambiwa ni mimi."

Hadithi hiyo ilizunguka soko la Karatina mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeizungusha.

Sasa huyo wa ngemi tano ndiye aliyekuwa amelala kwangu, uso kwa ukuta. Nilimpikia. Nilimwombea kwa sauti ili asikie. Nilimwita mvivu, nikamwita mama, nikamwita kwa jina letu. Sijui kitu kinachouma kama kumwita mtu kwa jina lako mwenyewe na asigeuke.

Mimi huuza viazi Karatina siku za soko. Siku moja, pale wanapotandaza mitumba ya vitu vya watoto, niliona kitu cha kijivu, kizito, ukubwa wa nusu kipande cha sabuni. Kilikuwa na matundu ya spika kwa kona, kioo kidogo, vifungo viwili vyekundu, na nyuma mahali pa betri nne ndogo. Nikajua ni redio. Redio yangu ya jikoni ilikuwa imekufa, na nilifikiri kama mtu ameamua kuangalia ukuta, basi ukuta uwe unamwongelesha. Nikampa mwenye kitu ndoo ya viazi, akanipa redio.

Nyumbani nikakitia betri. Kikalia ting, moja tu, kikanyamaza. Nikatafuta pa kuzungusha stesheni. Hakuna. Nikakigonga. Nikakigonga tena. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka.

"Shosho, unafanya nini?"

"Natafuta habari."

"Hiyo si redio. Hiyo ni gemu. Ya kitambo, hata mimi sikuwa nimezaliwa."

"Ati gemu? Na spika yote hii ni ya nini?"

Alikuwa ameketi kitandani. Miezi mitatu sikuwa nimemwona ameketi bila kuambiwa. Nikamwekea kile kitu mikononi polepole, vile mtu anavyopewa mtoto mchanga, nikarudi jikoni haraka kabla sijasema neno la kuharibu.

Gemu yenyewe siyo iliyomwamsha. Kilichomwamsha ni kitu alichokiona kwa simu: kwamba kuna watu wazima, huko na huko duniani, wanaochukua mashine za zamani kama ile na kuzitengenezea muziki. Hawaongezi gitaa wala ngoma. Wanatumia sauti za mashine yenyewe, zile za kulialia. Lakini mashine inataka kaseti yake, kile kipande cha kuchomeka nyuma, ya kuandikia muziki, si ya kuchezea.

Tukaenda Majengo, kule Nyeri mjini. Nyuma ya msikiti kuna fundi wa redio, mzee anayevaa miwani miwili, moja juu ya nyingine. Ndiye aliyekuwa ameniambia redio yangu haiponi. Alipokiona kile kitu akakipapasa kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

"Mama, hii ni ya kupeleka makumbusho."

"Tutakupeleka wewe kwanza," nikamwambia. "Itatengenezeka ama haitatengenezeka?"

Akaagiza kaseti. Ilikaa wiki nyingi njiani. Ilipofika aliichomeka kwa kompyuta yake, akaiandikia programu ya muziki, akamfundisha mjukuu wangu vifungo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mkoba wangu.

"Binti yangu, sikiliza," akasema. "Ndani ya kaseti kuna betri kama kifungo cha shati. Hiyo ndiyo inayolinda wimbo wako ukizima mashine. Lakini unapohifadhi, hizi nne za nyuma ziwe na nguvu. Zikiwa dhaifu, mashine ikazimika katikati ya kuandika, wimbo umeliwa. Hata mimi siwezi kuutoa."

Nilisikia kila neno. Ningependa kusema sikusikia.

Akaanza. Wiki za kwanza zilikuwa kelele tupu. Ng'ombe alikataa kuteremsha maziwa mpaka nikamhamisha huyo msanii kutoka dirisha la zizi hadi meza ya jikoni. Na hapo jikoni ndipo nilipoona kwamba muziki wenyewe unapandwa. Kwa kile kioo kuna mistari kumi na sita inashuka, na kwa kila mstari unaweka sauti ama unaacha pengo. Mashine inashuka nayo moja moja. Ikipata sauti inalia, ikipata pengo inanyamaza.

"Huo si muziki," nikamwambia. "Huko ni kupanda maharagwe."

"Ndivyo hivyo, shosho. Ukijaza kila shimo hakuna kitu kinamea."

Ile mashine ina koo nne peke yake. Mbili ni za kuimba, nyembamba, kama filimbi ya refa. Ya tatu ni nzito, kama nzi amefungiwa kwa debe. Ya nne haiimbi, inapumua tu, shh, shh, kama mtu anapepeta. Nilimwambia hiyo ya nne si sawa. Mwenye kupepeta harushi kwa mpigo mmoja kama askari. Anarusha mara mbili, anapuliza, anarusha. Nikatoa ungo nikamwonyesha kwa maharagwe yale machache tuliyokuwa nayo. Akabadilisha. Akanichezea, na nikajisikia nikipepeta ndani ya kile kisanduku.

Alianza kula. Alianza kuoga bila kuambiwa, na kupeleka maziwa kwa kituo asubuhi. Siku moja akaniuliza, "Ni kweli ulinipigia tano?"

"Nani amekwambia?"

"Karatina nzima."

Basi akataka hizo tano ziwe mwisho wa wimbo wake. Ikabidi nipige ngemi pale jikoni na yeye akisikiliza na kichwa chini. Kuifanya mashine ipige ngemi si rahisi, kwa sababu koo la mtu linatetemeka na la mashine limenyooka kama waya. Alichukua sauti mbili akazifanya zipigane haraka haraka mpaka ikatetemeka. Na zangu hazifanani. Ya kwanza ni kali. Ya tatu inakatika katikati, tangu ujana wangu inakatika. Ya tano ndiyo ndefu. Kila moja ilimchukua siku.

Ndipo akapata habari kwamba kuna vijana Nyeri mjini wamepanga Jumamosi moja ya muziki kwa ukumbi. Akawapigia simu, akaweka mashine kwa simu wakasikia kidogo. Wakampa dakika kumi. Alipokata simu alisimama katikati ya jikoni mikono juu ya kichwa.

"Wamesema nikuje, shosho. Hawajauliza cheti."

Nililia kwa kitunguu ambacho hakikuwepo.

Karatina sikunyamaza. Mwenzangu anayeuza kabichi kando yangu akaniuliza, "Ati mjukuu wako anapiga muziki na nini?"

"Na gemu."

"Na ugali anasonga na nini, redio?"

"Wewe njoo Jumamosi na kitambaa kizuri kichwani. Mdomo uache nyumbani."

"Nitakuja nao. Kama kuna chakula nitakula na nini?"

Sasa nifike kwa betri. Mjukuu wangu alikuwa amenunua nne mpya na kuzitia kwa mashine. Za zamani aliziacha dirishani za kutupwa. Mimi nikapiga hesabu zangu: anatumia mashine mchana kutwa, hizi mpya zitafika Jumamosi zimechoka, na fundi alisema betri zikiwa dhaifu wimbo unaliwa. Na betri dhaifu dawa yake naijua tangu nikiwa bibi harusi. Hakuna mtu wa rika langu ambaye hajaanika betri. Redio ikianza kunong'ona unatoa betri, unaziweka juani juu ya mabati, na kesho inaongea. Tulisikiliza redio miaka mingi kwa jua tu.

Nikachukua zile za dirishani nikazianika kwa gunia, siku tatu. Niligeuza kama mtu anageuza maharagwe. Nikaziuma kidogo kwa meno, maana hiyo pia inasaidia. Alhamisi, yeye akiwa amepeleka maziwa, nikazishika zikiwa na joto kama mayai yaliyotoka kwa kuku. Nikatoa mpya, nikazifunga kwa leso, nikazificha kwa mkebe wa sukari zingojee Jumamosi. Zangu nikazitia kwa mashine. Sikumwambia. Nilitaka ashukuru Jumamosi.

Kesho yake, Ijumaa, ndiyo siku aliyokuwa amepatana na fundi ampelekee wimbo autie kwa kompyuta yake. Nilikuwa nimemwambia apeleke mapema, akasema hawezi kumpelekea mtu wimbo nusu. Hapo tunafanana.

Alhamisi hiyo alirudi kutoka kituo cha maziwa akakaa mezani, akawasha. Taa nyekundu ikawaka vizuri sana, nikaiona kutoka kwa jiko, nikajisifu kimya.

"Leo ni ya tano," akasema.

Mimi namenya viazi, yeye anapanda. Akamaliza, akacheza wote kutoka mwanzo. Filimbi mbili zikaingia, nzi akaingia, nikapepeta. Halafu ngemi. Moja, mbili, ile ya kukatika, ya nne. Ya tano ikaja ndefu, ikapanda, ikakaa juu huko. Nilisimama na kisu mkononi.

"Wacha nihifadhi," akasema, akafinya, na taa ikazima.

Haikufifia. Ilizima. Akafinya kifungo mara mbili. Akageuza mashine, akafungua nyuma, akatazama betri. Moja ilikuwa na alama ya jino langu.

"Shosho, hizi ni gani?"

"Ni zile za dirishani. Nimezianika siku tatu."

Nilisema kwa maringo. Hiyo ndiyo sehemu siwezi kuimeza mpaka leo, vile nilivyosema kwa maringo.

Akaniuliza mpya ziko wapi, kwa sauti ya chini. Nikamtolea kwa mkebe wa sukari. Akazitia, mashine ikalia ting, na kwa kioo kukaja herufi na namba zimechanganyika ovyo kama githeri iliyomwagika sakafuni. Akashuka nazo mpaka chini. Akapanda mpaka juu. Akazima, akawasha, akashuka tena. Hakukuwa na wimbo. Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga kelele. Aliweka mashine mezani, akaosha kikombe chake, akakifunika, akaingia chumbani akalala na uso kwa ukuta.

Ijumaa nilienda Majengo peke yangu. Fundi akavaa miwani yote miwili, akachomeka kaseti kwa kompyuta, akaangalia muda mrefu.

"Mama, hapa hapana kitu."

"Tafuta."

"Nimetafuta."

"Tafuta kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni."

Akarudia tena, kwa heshima tu, nilimwona. Akasema, "Haukufichika, mama. Haupo." Halafu akaniuliza betri zilikuwaje. Nikasema sijui. Niko na miaka mingi na sijawahi kumwogopa fundi, lakini siku hiyo nilisema sijui.

Nilirudi nikaketi pembeni ya kitanda chake. Nikamwambia aanze tena, mimi nitakaa hapo hapo, nitapiga ngemi kutoka asubuhi mpaka koo litoke damu, na betri sitazigusa. Hakugeuka.

"Siishiki tena, shosho. Irudishe Karatina."

Jumamosi hatukwenda. Nilivaa nikavua. Siku ya soko iliyofuata yule wa kabichi hakuniambia kitu asubuhi yote, na huyo ni mtu anayesalimia hata gari. Saa sita ndipo akasema, akipanga kabichi zake bila kunitazama.

"Mimi nilienda."

"Wapi?"

"Huko ukumbini. Na kitambaa. Nilikaa nyuma. Wale vijana walipiga kelele zao, nikangoja. Wakasoma jina lenu. Wakalisoma mara ya pili. Nikaangalia mlango."

Hakunicheka. Alichagua kabichi, ile kubwa ya mbele ya kuvutia wateja, akaiweka kwa gunia langu. Kama angenicheka ningepata cha kumjibu.

Siku hiyo sikupanda gari la kwenda nyumbani. Nilipitia Majengo, mashine ikiwa kwa mkoba wangu, sijairudisha, nikamwambia fundi ukweli wa betri, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia anifundishe.

"Nikufundishe nini, mama?"

"Kupanda."

Alinifundisha mpaka akafunga duka. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Herufi kubwa nazijua, ndogo zinanichanganya, na ile mashine ina kubwa tu, kwa hivyo hapo tulipatana. Lakini kuhesabu kwake ni kwa wazimu. Ikifika tisa haisemi kumi, inasema A. Halafu B. Nilikuwa nikifika tisa narudi mwanzo kwa hasira. Vidole vyangu ni vya jembe, nikifinya kifungo kimoja nafinya viwili, na nilichopanda kinafutika. Nyumbani nilikaa mlangoni kwa sababu ya mwanga. Viazi viliungua siku mbili mfululizo, na mbwa akala, maana avokado alikuwa amezichoka hata yeye. Betri zangu za kuanika nilizitupa kwa shimo la choo. Nilinunua mpya, na nilihifadhi kila nilipopumua.

Kutetemesha sikuweza. Fundi alinionyesha mara tatu, nikifika nyumbani inatoka kichwani. Filimbi ya pili, yule nzi, kupepeta kwangu mwenyewe, vyote hivyo sikuweza hata kimoja. Baada ya wiki mbili nilikuwa na sauti tano, basi, zimenyooka, kama kifaranga aliyefungiwa kwa katoni. Ya mwisho niliifanya ndefu.

Niliingia kwake mchana. Mlango nikauacha wazi ili jua lifike kitandani. Nikaweka mashine kwa blanketi karibu na sikio lake, nikafinya.

Zikalia tano. Nikafinya tena, zikalia tena. Nikaona bega linasogea.

"Ya tatu haijakatika," akasema kwa ukuta. "Ya tatu yako huwa inakatika."

"Inakatwaje?" nikauliza haraka. "Nionyeshe kwa kidole tu, nitafinya mwenyewe."

Mkono wake ukatoka kwa blanketi. Nikamsogezea mashine, polepole, kama mtu anayemkaribia kuku wa kuchinja. Vidole vikafika kwa kona ya mashine, pale rangi ilipolika kwa kushikwa na watu tusiowajua. Vikakaa hapo. Mimi nilikuwa nimeshahesabu mpaka tisa, nimepita A, nimepita B.

Mkono ukarudi ndani.

"Siishiki tena, shosho. Irudishe Karatina."